Sahani ya Mchana Arua na Koboko: Bei Iko Katika Mchuzi

Saa saba kasorobo mchana, siku ya kazi, masufuria yamekwisha epuliwa katika hoteli ndogo za chakula zilizo karibu na soko la Arua. Askari polisi aliyetoka zamu huketi benchi moja na karani, mwalimu, mwendesha bodaboda na utingo wa lori liendalo Juba. Maji ya kunawa hupitishwa kwa birika na beseni. Mama mwenye hoteli hamwulizi mteja kama anataka posho au wali. Humwuliza hivi:

"Afande, leo mchuzi gani?"

Katika swali hilo fupi imo hesabu yote ya chakula cha mchana cha West Nile. Ajuaye kulijibu vizuri hushiba, hupata nguvu ya kazi ya alasiri, na hurudi nyumbani na fedha ya kununulia watoto sabuni na daftari. Asiyejua kulijibu huweza kushiba vilevile, lakini mwisho wa mwezi hukuta jina lake limeandikwa mara nyingi katika daftari la deni la hoteli.

Kwa familia inayotegemea mshahara wa mwezi, jambo hili si dogo. Mwezi una siku za kazi zipatazo 22. Mtu anayekula mchana nje ya nyumba yake hufanya uamuzi uleule mara 22, na kila mara huuona kuwa ni uamuzi wa shilingi chache tu. Hapana budi kuutazama kwa jumla yake.

MJI WENYE VYUNGU VINGI

Arua ni mji wa mpakani tangu kuasisiwa kwake. Nchi ya West Nile ilikuwa sehemu ya Lado, eneo lililokuwa mikononi mwa Mfalme Leopold wa Ubelgiji hadi alipofariki mwaka 1909. Likatiwa chini ya Sudan mwaka 1910, na sehemu yake ya kusini ikaunganishwa na Uganda mwaka 1914. Mwaka huo ndipo boma la serikali lilipowekwa Arua. Mji huo ulipandishwa kuwa jiji tarehe 1 Julai 2020. Koboko, ulioko kiasi cha kilomita 55 kaskazini, ulipata wilaya yake mwaka 2005, na kutoka hapo si mbali kufika mipaka ya nchi mbili, Kongo na Sudan Kusini.

Historia hiyo inaonekana katika sahani. Walugbara wana ugali wao, enyasa, ambao hupikwa kwa unga wa muhogo uliochanganywa na ulezi au mtama, ukawa na rangi ya hudhurungi na unyumbufu unaoshikana vidoleni. Wakakwa wa Koboko, Wamadi na Waalur nao wana ugali wa namna hiyo, kila watu na jina lao. Wanubi, ambao ni wazao wa askari waliofika kusini pamoja na Emin Pasha katika karne ya 19, walileta mapishi yenye harufu ya Sudan na lugha yao ya Kinubi iliyozaliwa na Kiarabu. Akina mama wa Kinubi wanasifika kwa kusuka vifuniko na sinia za ukindu zenye rangi nyingi. Kwa upande mwingine, wali, chapati na matoke vilifika kwa njia ya wafanyabiashara, watumishi wa serikali na askari waliohamishwa kutoka sehemu nyingine. Kwa hiyo mgeni kutoka Mbarara au Jinja anayehamishiwa kituo cha Arua hakosi chakula anachokifahamu, na mwenyeji hakosi chake.

MCHUZI NDIO BEI

Katika hoteli nyingi za Uganda, bei ya chakula cha mchana huhesabiwa kwa mchuzi, yaani kile ambacho watu wa pwani wangekiita kitoweo. Mteja akitaja maharagwe, huwekewa maharagwe pamoja na vyakula vilivyopikwa siku hiyo: posho, wali, viazi vitamu, muhogo, pengine na matoke. Akitaja nyama ya ng'ombe, huwekewa vyakula vilevile, kwa wingi uleule, lakini bei hupanda. Akitaja kuku au samaki mzima, hupanda tena. Kinachobadilika ni bakuli dogo la pembeni. Mlima wa chakula ulioko katikati ya sahani ni mmoja.

Mteja mwerevu hujifunza mambo mawili kutokana na desturi hiyo. Kwanza, anayeagiza mchuzi wa bei ya chini hapunguziwi shibe. Pili, anapolipa zaidi, analipia vipande vichache vya nyama, na haki yake ni kuvitazama vipande hivyo kabla ya kukaa. Ikiwa bakuli la nyama lina mifupa miwili na maji mengi, maharagwe mazito ya jirani yake yana thamani kubwa kuliko hiyo nyama.

Sababu ya mchana wa siku ya kazi kuwa na bei nafuu kuliko jioni au Jumapili ni rahisi kueleza. Mama wa hoteli anajua kwa makisio ni watu wangapi watakaofika. Hupika sufuria moja kubwa ya kila kitu kwa moto mmoja, hununua sokoni asubuhi kwa fungu kubwa, na watu wote hula ndani ya saa mbili, hata mabaki yakawa machache. Jioni wateja huja mmoja mmoja, kila mtu na agizo lake, na nyama ya kuchoma pamoja na vinywaji ndivyo vinavyomaliza fedha mfukoni. Jambo hili halikuanzia West Nile. Katika nchi za mashamba ya zabibu, kama Ufaransa, hoteli za vijijini nazo hupika sahani moja ya siku kwa ajili ya wafanyakazi wa mchana na kuiuza kwa bei ya chini kuliko chakula cha usiku. Ajiungaye na wengi katika sufuria moja hulipa kidogo.

Hesabu ifuatayo inaweza kufanywa na mtu yeyote juu ya karatasi. Chukua mfano wa hoteli ambapo sahani ya nyama ni mara mbili ya bei ya sahani ya maharagwe. Askari anayekula nyama siku zote tano za juma hulipa bei ya sahani 10 za maharagwe. Mwenzake anayekula nyama siku mbili, na siku tatu akala maharagwe, kunde au dagaa, hulipa bei ya sahani saba. Tofauti ni sahani tatu kwa juma. Kwa majuma manne ni sahani 12. Hiyo ni fedha ya nyumbani, na aliyeiokoa hakukaa na njaa hata siku moja.

KILICHOMO NDANI YA BAKULI

Wapo watakaosema kwamba mwanamume mwenye kazi ya nguvu hana budi kula nyama kila siku. Nyama ni chakula bora, lakini michuzi ya bei nafuu ya West Nile si chakula cha kimaskini hata kidogo. Katika kila gramu 100 za maharagwe makavu mna protini zaidi ya gramu 20. Karanga zina protini karibu gramu 25, na simsim, yaani ufuta, haiko mbali nazo, na vyote viwili vina mafuta mengi ya kuupa mwili nguvu. Unga wa muhogo, kwa upande wake, una protini gramu moja au mbili tu kwa kila gramu 100. Hapo ndipo inapoonekana hekima ya wazee waliochanganya muhogo na ulezi au mtama: nafaka hizo huongeza kile kinachokosekana katika muhogo. Nafaka na maharagwe zikiliwa pamoja, protini ya kila kimoja huitimiza ile ya mwenzake.

Majani ya kunde, ambayo Walugbara huyaita osubi, hupikwa yakatiwa karanga au simsim zilizosagwa hadi mchuzi ukawa mzito na wenye kunukia. Majani hayo huleta vitamini na madini ambayo nyama peke yake haina ya kutosha. Mtu anayeagiza maharagwe na kuongeza kijiko cha osubi pembeni amepata chakula kamili.

Kisha kuna samaki. Koboko haina ziwa, lakini samaki wa Ziwa Albert hupanda barabara kutoka Panyimur hadi masoko ya Arua, na kutoka huko hupelekwa mbele hadi Koboko na kuvuka mpaka. Aliye maarufu ni angara, ambaye hukaushwa na kutiwa chumvi. Harufu yake humtangulia mpishi. Wadogo zaidi ni muziri na ragoge. Samaki hao wadogo huliwa wazima pamoja na mifupa yao, kwa hiyo humpa mlaji chokaa ya kujenga mifupa, jambo la maana hasa kwa mama mjamzito na mtoto anayekua. Wakikaushwa, zaidi ya nusu ya uzito wao ni protini. Konzi moja ya muziri katika mchuzi wa karanga hufanya kazi ya vipande kadhaa vya nyama, kwa bei iliyo chini yake.

Baada ya kula, wengi huagiza chai. Afadhali chai hiyo icheleweshwe kwa muda wa saa moja hivi, kwa kuwa chai huuzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe na majani. Embe au chungwa hufanya kinyume chake, na katika msimu wa maembe West Nile haina uhaba wa matunda hayo.

KOBOKO, NJIA YA MALORI

Barabara ya lami ya Vurra, Arua, Koboko hadi Oraba ina urefu wa kilomita 92 na hutoka mpaka wa Kongo hadi mpaka wa Sudan Kusini. Ndiyo inayoipatia Koboko wateja wake wa mchana: madereva wa malori, wachuuzi wanaokwenda Kaya ng'ambo ya mpaka, askari wa doria na maofisa wa ushuru. Hoteli za mji wa namna hiyo zina faida na hasara kwa mlaji. Faida ni kwamba watu ni wengi, sufuria hazilali, na chakula hakipashwi moto mara ya pili. Hasara ni kwamba msafiri ana haraka wala hatarudi kesho, kwa hiyo mwenye hoteli asiye mwaminifu anaweza kumwekea chochote.

Askari aliyehamishiwa mji wa mpakani hufanya vizuri kuwafuata wenyeji wa mji, si wasafiri. Hoteli inayojazwa kila siku na makarani na walimu walewale imekwisha kupimwa na watu wenye kuhesabu fedha zao. Mle pia mteja wa kila siku hupata neema ndogo ndogo: kijiko cha mchuzi cha ziada, au kuwekewa sahani yake anapochelewa kazini. "Afande, chakula chako nimekifunika," ataambiwa. Neema hiyo hupatikana kwa kulipa kwa wakati.

TAHADHARI KABLA YA KUNAWA MIKONO

Chakula cha bei nafuu kikikosa usalama huwa ghali kuliko vyote. Mambo manne yafaa kuangaliwa, hotelini na nyumbani.

La kwanza ni muhogo. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, ambayo huondolewa kwa kumenya, kuloweka kwa siku tatu au zaidi, kisha kuanika juani mpaka ukauke barabara. Mwezi Septemba 2017, katika wilaya ya Kasese, magharibi ya Uganda, watu 98 waliugua na wawili wakafariki baada ya kula unga uliotokana na muhogo wa mwituni. Kwa hiyo unga wa bei ya chini mno, ambao muuzaji wake hajulikani na hawezi kueleza ulikotoka, usinunuliwe. Mama mwenye mashaka na unga wake anaweza kuukoroga kwa maji ukawa rojo zito, kuutandaza mwembamba juu ya sinia kwa saa mbili juani au saa tano kivulini, kisha kuupika siku hiyohiyo. Sehemu kubwa ya sumu iliyobakia huondoka hewani. Njia hiyo huongeza usalama, wala haichukui nafasi ya kuloweka.

La pili ni karanga. Karanga au mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu huota kuvu yenye sumu iitwayo aflatoksini, na kupika hakuiondoi. Nchini Kenya, mwaka 2004, watu 317 waliugua na 125 wakafariki kwa sababu ya mahindi yenye sumu hiyo. Karanga zilizosagwa hazionyeshi kasoro zao. Ni bora kununua karanga nzima, kuzichagua, kutupa zilizokunjamana au kubadilika rangi, kisha kusaga.

La tatu ni moto. Chakula kilichopikwa kisikae bila moto zaidi ya saa mbili, na kinachongojea wateja kiwe moto wa kutoa mvuke. Anayefika saa kumi alasiri na kukuta mchuzi vuguvugu ana haki ya kuomba upashwe hadi uchemke.

La nne ni mikono na maji. Sabuni iwepo kando ya birika. Kama haipo, mteja aiombe bila haya, na mwenye hoteli ashukuru kukumbushwa.

SAHANI ILIYOKO NYUMBANI

Mjadala wa chakula cha mchana haukamiliki bila kuitazama nyumba. Chukua mfano wa askari aliye kituoni Koboko, na mkewe na watoto wanne wako nyumbani. Mchana yeye hula nyama hotelini, na watoto wake hula ugali wa muhogo na mboga kidogo isiyo na karanga wala maharagwe. Hakuna ubaya moyoni mwake. Hakuwahi kuziweka sahani hizo mbili kando kando. Mtoto aliye chini ya miaka mitano, tumbo lake likijazwa muhogo mtupu, hushiba asikue. Anayehitaji protini kuliko wote katika nyumba hiyo ndiye anayepata kidogo kuliko wote.

Hapo ndipo zile sahani 12 zinapopata maana yake. Kilo moja ya maharagwe makavu, ikipimwa gramu 100 kwa kila mtu, hutosha watu 10. Kwa familia ya watu watano hiyo ni milo miwili, nayo hugharimu kidogo kuliko sahani 10 za hotelini, kwa sababu hotelini mteja hulipia pia kuni, kodi ya nyumba na mikono ya wapishi. Baba akipunguza nyama ya hotelini kwa siku tatu za juma na kuipeleka tofauti hiyo nyumbani, watoto hupata mchuzi wa kweli kwa siku kadhaa. Hakuna nyongeza ya mshahara iliyongojewa.

Osubi ya hotelini inaweza kupikwa nyumbani bila taabu. Majani machanga ya kunde huchambuliwa, huoshwa na kukatwa. Hutiwa katika maji machache yanayochemka pamoja na kitunguu na nyanya. Wengi huongeza magadi au maji ya majivu ili majani yalainike. Yatiwe kidogo tu, maana yakizidi huharibu vitamini. Majani yakiiva, vijiko vitatu au vinne vya karanga zilizosagwa hukorogwa katika maji ya uvuguvugu, humiminwa ndani, na mchuzi huachwa katika moto mdogo huku ukikorogwa kwa muda wa dakika 10 au 15. Chumvi huja mwisho. Anayependa huongeza konzi ya muziri waliooshwa. Huliwa na enyasa au posho.

Kwa wale ambao zamu haziwaruhusu kula nyumbani, liko jambo moja zaidi: kulipa kwa fedha taslimu kila inapowezekana. Daftari la deni halipandishi bei ya sahani, lakini humsahaulisha mtu hesabu, na aliyesahau hesabu huagiza kuku. Mwenye kutenga fedha ya chakula cha juma zima siku ya Jumatatu, akaigawa mafungu matano, hujua kila siku anasimama wapi.

Mchana wa kesho, benchi litajaa tena katika hoteli za Arua na Koboko, na mama atauliza swali lake lilelile. Akijibiwa, "Mama, niwekee maharagwe na osubi, na enyasa iwe ya moto," mteja huyo asidhaniwe kuwa ni bahili wala fukara. Huenda ni baba aliyekwisha kuihesabu sahani ya pili, ile iliyoko nyumbani.